Kigoda cha Mstari wa Nne

Mama yangu alikuwa hawezi kuona vitu vimekaa shaghalabaghala. Weka vikombe mezani, ukigeuka utavikuta vimesimama mistari miwili, mikono yote imeangalia upande mmoja. Vua viatu mlangoni ukimbilie chakula, ukirudi utavikuta vimeegemezwa ukutani, jozi kwa jozi, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Baba alikuwa akimtania kwamba iko siku ataamka akute meno yake yamepangwa upya. Mtaani walimwita Mwalimu Mistari, na jina likamganda hata wageni wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Alifundisha darasa la tatu katika chumba kimoja karibu maisha yake yote ya kazi. Chumba chenyewe kilikuwa na madirisha upande mmoja tu, ubao wenye ufa uliotoka kwenye kona ukashuka mpaka katikati, na mlango ambao haufungiki mpaka uunyanyue kidogo kwa mguu. Madawati yaliyokuwemo yalikuwa mabovu, mengine yamebaki miguu mitatu. Alipochoka kuomba mengine ofisini, alimgeukia baba, ambaye alikuwa seremala. Baba akachonga vigoda kwa mbao za masanduku ya mizigo, jioni baada ya jioni, huku akilalamika kwamba yeye alioa mwanamke, hakuoa shule. Alilalamika mpaka cha mwisho, na kila kimoja alikipiga msasa vizuri kisije kikachana nguo ya mtoto wa mtu.

Vigoda vilienea sita kwa saba: mistari sita kutoka ubaoni kwenda nyuma, kila mstari vigoda saba. Ukiongeza kimoja, mlango haufunguki. Kwa hiyo darasa la mama lilikuwa na watoto arobaini na wawili, na nje siku zote kulikuwa na mzazi anayesubiri mmoja ahame.

Na mimi nilikuwa mmoja wa hao arobaini na wawili, mstari wa nne, kigoda cha sita. Msinionee wivu. Kufundishwa na mama yako mzazi ni kifungo. Darasani nilitakiwa nimwite Mwalimu, nyumbani Mama, na kichwa changu kikashindwa kuhama haraka hivyo, nikawa namwita Mama mbele ya wenzangu, halafu jioni mezani nanyoosha kidole niombe chumvi. Kaka zangu walicheka mpaka wakapaliwa.

Darasa la jirani walifundishwa kuzidisha kwa kuimba. Tuliwasikia ukutani asubuhi nzima, mbili mara moja mbili, mbili mara mbili nne, na waliimba vizuri, sikatai. Ila ukimshika mmoja wao uwanjani ukamuuliza saba mara sita, ilibidi aanze kuimba kutoka mwanzo mpaka afike.

Mama hakutaka wimbo. Alitutumia sisi wenyewe. "Mistari mitatu ya mbele, simameni," alikuwa akisema. Wanasimama. "Tatu mara saba ni hao. Mko wangapi?" Tunawahesabu, tunapata ishirini na mmoja, tunakaa. Au atasema, "Wawili wa mwisho kila mstari, inameni nisiwaone," na waliobaki wameinua vichwa ndio sita mara tano. Nilichokipenda kuliko vyote ni pale aliposema, "Haya, geukeni dirishani." Tulikuwa tunainuka na vigoda vyetu matakoni tunageuka wote kwa pamoja, kishindo kinatikisa vioo, na ghafla mistari sita ya saba imekuwa mistari saba ya sita.

"Kuna aliyeongezeka hapo?" anauliza.

"Hakunaaa!"

"Kuna aliyeyeyuka?"

"Hakunaaa!"

"Basi. Sita mara saba na saba mara sita ni watoto wale wale, wamegeuza shingo tu."

Taabu ilikuja kwenye nane, kwa sababu hatukuwa na kigoda cha nane wala mtoto wa kukikalia. Mama akaamuru tuvue viatu. Kiatu kimoja mwisho wa kila mstari, na ukitaka saba mara nane unaongeza mstari mzima wa viatu kule nyuma. Viatu kumi na vinne vya watoto waliotoka kucheza mpira, chumba chenye madirisha upande mmoja. Mpaka leo mtu akinitajia hamsini na sita, nasikia harufu ya miguu.

Kushoto kwangu, kigoda cha tano, alikaa msichana tuliyemwita Kicheko. Alikuwa anacheka kwa kila kitu: chaki ikikatika anacheka, akichapwa anacheka, na kicheko chake kilikuwa kinaambukiza, kwa hiyo nilikuwa nafukuzwa nje mimi, mtoto wa mwalimu, kwa ajili yake. Alikuwa na vidole vyembamba na macho mepesi. Kigoda chake kilikuwa na fundo la mbao pembeni, la duara, na alipokuwa anafikiri alilisugua kwa kidole gumba mpaka likang'aa.

Siku moja Kicheko akapanda tangi la maji la shule kufuata mpira, akaanguka. Alivunjika paja. Walimpeleka hospitali, mguu ukaning'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito, na daktari akasema atalala hivyo mpaka mfupa uamue wenyewe.

Mama alikwenda kumtazama, nami nikafuatana naye. Tulimkuta amelala chali, mdogo kuliko nilivyomzoea, na hakucheka. Mama alimuuliza mguu unauma kiasi gani. Badala yake akauliza yeye:

"Mwalimu, kigoda changu atapewa nani?"

Alijua. Sote tulijua kwamba nje kuna mzazi anasubiri.

"Hatapewa mtu," mama akasema.

"Hata nikikaa huku sana?"

"Kigoda chako kipo, mwanangu. Wewe pona."

Mimi niliyesimama pale na chungwa langu mkononi sikufurahia hilo neno "mwanangu". Lakini nilimwona Kicheko akishusha pumzi, na mabega yake yakalegea kwenye mto. Kumbe muda wote ule alikuwa ameyakaza.

Kwa hiyo kigoda cha tano, mstari wa nne, kikabaki wazi. Asubuhi mama alipoita majina, akifika kwa Kicheko alimtaja kama kawaida, na sisi tulifundishwa kujibu wote: "Kigoda kipo!" Tulijibu kwa nguvu kama vile atatusikia.

Mwalimu Mkuu hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusumbuliwa, maana mzazi aliyekosa nafasi alikuwa anamdamkia yeye ofisini, si mama. Alikuja mlangoni mara kwa mara, anakiangalia kile kigoda, anaguna, anaondoka.

Ndipo mkaguzi akaja. Alikuwa mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na aliinama kuingia mlangoni ingawa mlango haukuwa mfupi kiasi hicho. Alituuliza tatu mara saba, tukajibu. Sita mara tano, tukajibu. Mwalimu Mkuu alikuwa nyuma yake anatabasamu. Halafu mkaguzi akauliza, "Sita mara saba?"

Hilo ndilo swali tulilolijua kuliko yote, maana sita mara saba tulikuwa ni sisi. Hakuna aliyekuwa amelikariri. Tulichofanya ni kile tulichokuwa tunafanya siku zote, tulitupa macho chumbani tukajiona, na darasa zima likajibu kwa sauti moja iliyonyooka:

"Arobaini na moja!"

Mkaguzi akavua miwani. Akauliza tena, labda masikio yake yamekosea. Tukajibu tena, arobaini na moja, safari hii kwa furaha zaidi, maana tuliona mtu anafurahia kutusikiliza. Kule ukutani darasa la jirani walikuwa wanaimba, na kwa bahati mbaya ndio kwanza walikuwa wamefika kwenye sita. Sita mara saba arobaini na mbili, wakaimba, wazi kabisa. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika chaki, na uso wake ulikuwa umepauka kuliko hiyo chaki.

Walitoka nje kuzungumza, lakini mlango ule haufungiki bila kunyanyuliwa, na hakuna aliyeunyanyua. Tulisikia yote.

"Mwalimu, umenivua nguo mbele ya watu," Mwalimu Mkuu alisema.

"Wamejihesabu. Mmoja hayupo."

"Basi jaza hicho kiti, hesabu itanyooka! Mtoto anasubiri, kiti kitupu, na darasa halijui jedwali la sita. Unataka nimwambie nini mzazi?"

"Mwambie kina mwenyewe."

Mkaguzi alikohoa. Alisema atapita tena kabla ya kufunga shule. Kama watoto watakuwa wanajua, sawa. Kama bado ni arobaini na moja, kigoda kijazwe na watoto waimbe kama wenzao. Mwalimu Mkuu alisema hilo ni la haki sana, na kusema kweli lilikuwa la haki, ndiyo maana lilituumiza.

Nyumbani mama hakula. Baba alimwambia, kwa upole, kwamba dawa ni rahisi: awaambie watoto jibu ni arobaini na mbili, wakariri, yaishe.

"Watakariri," mama akasema. "Lakini watakuwa wanaangalia darasa wanaona arobaini na mmoja, na mdomoni wanasema kingine. Nitakuwa nimewafundisha kusema wasichokiona."

"Na ukimweka huyo mtoto mwingine?"

"Nitakuwa nimemdanganya aliyelala kitandani."

Baba akaondoa sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kumwunga mkono.

Kesho yake mama alikwenda hospitali akamweleza Kicheko kila kitu. Wengine wangemficha mtoto mgonjwa jambo kama hilo. Mama hakuwa na kipaji cha kuficha. Na alichekwa! Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, Kicheko alicheka mpaka kamba za mguu zikatikisika na muuguzi akaja mbio. "Arobaini na moja!" alikuwa anasema. "Mbele ya mkaguzi!" Alipomaliza kujifuta machozi aliangalia wodi, halafu akasema, "Mwalimu, wapelekee swali langu."

Mama alilileta darasani kama lilivyo. Wodi ya Kicheko ina mistari miwili ya vitanda. Kila mstari una vitanda tisa. Watoto watatu wamepona wamekwenda kwao jana. Wodi ina vitanda vingapi?

Nilinyoosha kidole kabla ya mtu yeyote, maana nilitaka mama ajue ni nani mwenye akili. "Kumi na tano!"

Nusu ya darasa wakaniunga mkono. Nusu wakasita. Mama hakusema ndiyo wala hapana, alibeba jibu letu akalipeleka wodini, na kesho yake akarudi na majibu ya Kicheko, akayasoma mbele yangu bila kubadilisha neno:

"Mwambieni aliyesema kumi na tano aje alale kwenye hivyo vitatu, aone kama havimbebi."

Darasa lilicheka, na mimi nilikasirika siku nzima. Lakini jioni nilipokuwa navua viatu mlangoni na kuona pale pa kaka mkubwa pako wazi, katikati ya jozi zilizopangwa, nikajikuta nimesimama. Pale pa viatu vyake palikuwepo. Viatu ndivyo havikuwepo. Nilimwita mama nikamwonyesha, na akanikumbatia pale pale mlangoni, kwa nguvu, kama nimemletea zawadi. Nakumbuka harufu ya chaki kwenye gauni lake.

Baada ya hapo maswali yalikuja kila aliporudi kutoka wodini. Dari ya wodi ina vipande vya mbao, nane kwa tano, kimoja kimeanguka na mjusi anachungulia. Dirisha lina vioo vinne kwa vitatu, kimoja kimezibwa kwa boksi. Kicheko hakuwa na kazi nyingine ila kulala chali na kuangalia, na kila alichokiangalia kilikuwa na pengo mahali. Tukazoea kutoa majibu mawili: nafasi arobaini, vipande thelathini na tisa. Tukawa tunabishana uwanjani, tunahesabu matofali ya ukuta na yale yaliyong'olewa. Mama hakututajia arobaini na mbili hata mara moja. Alingoja.

Mkaguzi alirudi na uzi mpya kwenye miwani. Mwalimu Mkuu alisimama pale pale mlangoni, na safari hii alikuwa amekuja na mzazi aliyekuwa anasubiri, mama mmoja mpole aliyemshika mtoto mkono. Nilipowaona hao wawili nilikiangalia kigoda cha tano. Fundo lake lilikuwa limeanza kupoteza mng'ao.

"Sita mara saba?" mkaguzi aliuliza.

"Arobaini na mbili!"

Hakuridhika. Alianza kutembea kati ya mistari, anatugusa vichwa anahesabu. Alipofika mwisho akageuka. "Mimi nahesabu arobaini na mmoja."

"Ni nafasi arobaini na mbili," tulisema, wengine huku wengine kule. "Mmoja yuko hospitali. Kigoda kipo."

"Na asiporudi?"

Hilo hatukuwa tumeulizwa. Aliyejibu alikuwa kijana wa mstari wa mwisho, mzito wa kusema, ambaye viatu vyake ndivyo vilivyokuwa vinatuua kwenye nane. Alisimama akasema polepole, "Bado ni arobaini na mbili. Ila tutakuwa tunamkosa mmoja."

Mama aligeukia ubao akaanza kuufuta. Ubao ulikuwa hauna kitu. Aliufuta kutoka kona mpaka kona, kando ya ufa wote, na hakuna aliyethubutu kumwita.

Mkaguzi akamwambia Mwalimu Mkuu, "Kiacheni." Na yule mama mpole aliyekuja na mtoto, ambaye alikuwa na haki ya kukasirika kuliko mtu yeyote pale, alisema wao watasubiri muhula ujao, hawana haraka. Nimemsahau sura, na hilo linanisikitisha.

Kicheko alirudi na magongo mawili na mguu mmoja umefupika kidogo. Hakuna aliyetuambia tusimame, tulisimama. Alipita katikati ya mistari, taratibu, akakaa, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye fundo la mbao. Halafu akainua gongo akaanza kutuhesabu mmoja mmoja kwa ncha yake.

"Unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Nahakikisha, Mwalimu. Hawa ni wa kuaminiwa?"

Akacheka, nami nikacheka, na nikafukuzwa nje.

Natamani ile asubuhi irudi hata kwa nusu saa. Miaka ikapita. Shule ikapata madawati ya chuma, vigoda vikagawiwa kwa yeyote anayevitaka. Kicheko alikuja kuchukua chake. Siku hizi ni fundi cherehani, ana chumba chake barabara ya tatu kutoka kwetu, na akishona huegesha ule mguu mfupi juu ya kigoda. Mama alistaafu, akaendelea kupanga vikombe. Baba akatangulia. Halafu mwaka jana, asubuhi moja, nilikuta vikombe vimeachwa mezani ovyo, nikajua kabla sijafika chumbani kwake.

Siku ya kumzika mama tulikodi viti vya plastiki. Vijana waliovileta walivimwaga uani kama takataka, na mimi, katikati ya kilio, nikapandwa na hasira. Nilianza kuvipanga. Sikuwa nafikiri, mikono ilikuwa inafanya. Wenzetu wa darasa lile walikuwa wanaingia, mmoja ana upara, mwingine ana fimbo, na waliponiona wakashika viti bila kuuliza. Sita kwa saba. Mstari wa nne, nafasi ya tano, Kicheko alikiondoa kiti cha plastiki, akaweka kigoda alichokuwa amekibeba kutoka kazini kwake. Kila mtu akakaa pale alipokaa zamani, kana kwamba tumeitwa. Wanne waliokwisha kufariki tuliwaachia nafasi zao, na baada ya muda majirani wakazikalia, na ilikuwa sawa tu.

Kicheko hakukaa. Alisimama kando yangu, ameegemea bega langu, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Kaa, dada," nilimwambia. "Mguu huo utakusumbua."

"Unakumbuka darasani Mwalimu alikuwa na kiti?"

Nilifikiri. Nilikiona chumba chote, ubao, ufa, dirisha, mistari sita. Kingeongezwa kimoja, mlango usingefunguka. Miaka yote ile, mama yangu alifundisha amesimama.

"Hakuwa nacho," nikasema.

"Basi leo akae."

Watu walizidi kuingia mpaka wakajaa ukutani. Mzee mmoja aliyechelewa, hatumjui, labda mzazi wa mwanafunzi fulani, alipita akitafuta pa kukaa, akakiona kigoda, akainama kwa adabu kuuliza kwa kunong'ona kama hapo pana mtu.

Nilitaka kumjibu, lakini nyuma yangu walikuwa wameshamsikia, na walijibu wote kwa pamoja, wazee wazima, kwa sauti ile ile ya darasa la tatu:

"Yupo!"